Maziwa Yangu, Mtoto Wako

Dada Skola,

Huko uliko usianze kucheka mwandiko wangu. Niliishia darasa la tano, lakini nimefika Kigoma, Tabora na Bujumbura, na hapa Busunzu hakuna muuza vitenge anayenishinda mdomo. Kwa hiyo nasema wazi: nakuonea wivu. Wewe huyo huyo tuliyekuzika masika.

Unakumbuka tulivyojifungua mwezi mmoja? Devota wako alinyonya akalala kama mlevi. Elia wangu alinyonya akatapika, macho manjano, tumbo juu, vile vile kama yule wa kwanza niliyemzika. Wanawake wakaanza: nimembemenda mtoto, nimetembea na mwanaume huku nanyonyesha. Mwanaume gani, na hata kukaa vizuri nilikuwa bado siwezi! Mama mkwe akakata shauri: maziwa yangu machafu, tubadilishane watoto. Elia kwako, Devota kwangu.

Siku ile mwanangu alipoling'ang'ania ziwa lako, Dada, nilitamani nikuchape mwiko. Kumbe Devota akanenepa kwa hayo hayo maziwa machafu! Mashavu kama maandazi. Elia kwako akazidi kuisha. Ukasema, "Mdogo wangu, la kwangu limemshinda, na la kwako limemnenepesha huyu. Shida siyo ziwa. Mbebe Devota, mimi nambeba Elia, twende."

Tukadandia lori la mahindi mpaka hospitali ya kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Daktari akapima mkojo, akauliza mara ya pili habari ya kubadilishana, hakucheka. Akasema maziwa yetu sote ni mazuri. Mwili wa Elia ndio hauiwezi sukari iliyomo, awe amenyonya mama au amepewa ya ng'ombe. Karithi kwangu na kwa baba yake, sisi wazima ambao hatukujua tumebeba nini. Asinyonye tena. Akapewa maziwa ya soya.

Yuko hai, Dada. Anatembea kwa kushika kuta, mkorofi. Nikimnyonyesha Devota anakuja na kikombe chake cha soya, anasimama, anatuangalia. Halafu anamvuta mwenzie mguu. Wa tumbo langu namnyima, wa kwako nampa. Wivu huo nao kautoa kwangu, hauhitaji kupimwa mkojo.

Na wewe, malaria imekuchukua, lakini sifa hujaacha. Kila anayeingia anamshika Devota kidevu: "Skola mtupu!" Mimi ndiye naumwa na meno yake, wewe unasifiwa!

Juzi shemeji, baba Devota, kaja kutoka Kasulu na mke mpya. Mpole, kaleta sabuni, nimekosa hata cha kumchukia. Akampakata Devota. Mtoto akapiga kelele, akaninyooshea mikono: "Mama!" Nilifurahi mpaka nikaona haya, nikajifanya natafuta kanga.

Shemeji akasema, "Akiacha ziwa, nitakuja kumchukua."

Usiku, Devota kalala kifuani kwangu... sitaki kuandika habari ya usiku.

Basi pumzika, Dada yangu. Nakuahidi Devota atajua nani alimzaa, na nani alimbeba Elia kwenye lori akiwa hoi. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo huu huu. Na baba yake nitampa, ni damu yake, sibishani. Akiacha ziwa.

Lakini ziwa ni langu, na mimi sina haraka.

Mdogo wako