Kioo Juu ya Ufa

Melini, 4 Februari 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kiuno kimekuachia? Mimi sijambo, ila chumvi imenimaliza ngozi.

Uliuliza tunapima nini huku kusikoonekana nchi kavu. Nikueleze kifundi. Katikati ya bahari, sakafu ya dunia ina ufa mrefu, na pande zake zinaachana polepole, kama kucha inavyoota. Mwanya ukifunguka, mawe yaliyoyeyuka yanapanda kutoka chini, yanakutana na maji baridi na kuganda. Hiyo ndiyo sakafu mpya. Nayo hupasuka, ikasukumwa kando, nyingine ikazaliwa katikati. Kwa miaka isiyohesabika imekuwa safu ya milima ambayo hakuna aliyeipanda. Tumeshusha vipimo sita juu yake, mitambo ya kusikiliza mitikisiko ya ufa. Tukiviita kwa mlio, vinaitika, vinaacha uzito wake chini na kuelea.

Ufa wa jikoni vipi?

Binti yako,
Kitindamimba


Nyumbani, 20 Machi 1986

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba, tena marahaba mbili, moja nakuwekea akiba. Kiuno afadhali. Ulimi ndio mzima kabisa, muulize jirani.

Kumbe dunia nayo ni fundi mvivu, inajaza ufa bila kuuliza kwa nini umepasuka! Nimecheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Wa jikoni umefika juu ya mlango. Watu wa machimbo ya mawe wamesogea nyuma ya ua, na wakilipua, vikombe vinacheza kabatini. Nimeuziba kwa saruji. Umependeza.

Baba yako,
fundi mstaafu asiyestaafu


Melini, 2 Mei 1986

Baba,

Shikamoo. Umeuziba? Wewe?

Nilipokuwa na miaka tisa ulinisema mbele ya mafundi wote kwa kosa hilohilo. Ulisema ufa hauzibwi kabla ya kubandikwa kipande cha kioo juu yake, upande huu na upande ule. Kioo kikibaki kizima, ufa umelala, ziba. Kikikatika, ukuta unatembea, toa watu. Bandika, Baba, nakuomba.

Huku vipimo vitano vimepanda. Cha sita kinaitika lakini hakipandi. Mkuu wetu anasema sakafu mpya imemwagika na kukigandia miguuni. Kila asubuhi kazi yangu ni kukiita, nacho kinaitika kutoka chini kule. Sipendi kukisikia.

Binti yako


Nyumbani, 17 Juni 1986

Mwanangu,

Marahaba. Nimebandika kioo kama bosi alivyoagiza. Ni kizima, nakitazama nikinywa chai. Hiki cha sasa nimekikata kirefu kidogo ili kishike vizuri pande zote. Dirisha la stoo limebaki na vioo viwili, lakini stoo ya nini na mwanga? Mlango wa jikoni umegoma kufunga. Mvua hizo.

Usiombe ruhusa kwa ajili yangu. Kazi hiyo umeisotea. Na nyumba hii niliijenga mama yako, Mungu amrehemu, akinichotea maji. Haiwezi kunigeuka.

Baba yako


Melini, 30 Julai 1986

Baba,

Toka humo. Salamu baadaye.

Dirisha la stoo lilikuwa na vioo sita, nimevifuta utoto wangu wote. Vimebaki viwili, kwa hiyo umetumia vinne. Vitatu vimekatika, nawe umeniandikia habari za cha nne. Kimekuwa kirefu kwa sababu mwanya umepanuka, na mlango haufungi kwa sababu ukuta umekaa juu yake. Umenificha ili nisiache kazi, na nimekukasirikia kuliko siku zote.

Baharini ufa ukifunguka, chini kuna kitu cha kuujaza. Chini ya nyumba yetu hakuna, machimbo yamekichukua. Hamia kwa jirani barua hii ikiwa mkononi. Usirudi hata kwa sufuria. Meli ya mahitaji ndiyo inabeba posta, nayo inakawia. Naogopa, Baba.

Shikamoo.

Binti yako


Bandarini, 11 Septemba 1986

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yangu ya Julai imerudi bila kufunguliwa. Mpeleka barua ameandika juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu: nyumba haipo. Hakuandika kwamba mwenye nyumba hayupo. Nimeyasoma maneno hayo mawili mpaka macho yanauma.

Nimeacha kazi. Asubuhi ya mwisho nilikiita kipimo cha sita mara kumi na moja. Hakikuitika.

Naandika kwa anwani ileile kwa kuwa sina nyingine, lakini hii siipeleki posta, naileta mwenyewe. Treni inafika huko Jumamosi. Nitaanzia kwa jirani. Usipokuwepo, nitasimama pale mlango wa jikoni ulipokuwa, nikuamkie kwa sauti.

Uliniwekea marahaba moja akiba. Nakuja kuichukua.

Kitindamimba wako