Bawa Nililokatazwa Kuligusa

Mpendwa rafiki yangu Odhiambo,

Naiandika barua hii wazi, aisome anayetaka, kwa sababu ulinidanganya mbele ya watu na sioni kwa nini nikujibu kwa siri. Ungekuwa hai ningekuja mwenyewe Homa Bay, nikae kwenye kile kiti chako kibovu katika kibanda cha kutengeneza redio, nikuulize uso kwa uso. Lakini umezikwa, na mimi niko hapa Migori katika nyumba ya kupanga, na maswali yamebaki mikononi mwangu.

Unalikumbuka boksi? Binti yako Atieno alilileta aliporudi kutoka masomoni ng'ambo. Juu yake palikuwa na picha ya ndege nyekundu ikiwa angani, lakini ndani hapakuwa na ndege yoyote. Palikuwa na mbao nyembamba kama maganda, mchoro mkubwa uliokunjwa, mota ndogo, rimoti, na roli la plastiki nyekundu ya kufunikia. Ulinipigia simu siku hiyohiyo. "Mwalimu," ukasema, "nimeletewa ndege iliyovunjwavunjwa. Njoo tuiunganishe."

Tulikutana Rodi Kopany, njiani kati ya Homa Bay na Migori, katika ule mkahawa wa chai karibu na njia panda, ukanikabidhi kipande cha ule mti unaoitwa balsa. Nilifundisha useremala maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kushika mti wa namna ile. Ukiugusa kwa kucha, alama inabaki. Nikakuambia ni mwepesi kama mkate wa jana. Ukajibu, kwa sauti ya kutosha meza zote kusikia, kwamba basi nijizuie nisiule, maana ulikuwa mmoja tu.

Tukagawana kazi. Wewe fundi wa redio ulichukua kiwiliwili, mahali pa mota, betri na nyaya. Mimi nikachukua bawa, lile bawa moja refu linalolala mgongoni mwa ndege na kufungwa kwa raba. Kiwiliwili kikajengwa Homa Bay, bawa likajengwa Migori, na kila tulipotaka kupima kama vinaoana tulirudi Rodi Kopany, kila mtu na mzigo wake umefungwa kwa shuka. Wewe Msabato hukushika kazi Jumamosi. Mimi Mkatoliki sikushika Jumapili. Tulikubaliana kuziheshimu siku zote mbili, kila mmoja kwake, kwa hiyo gundi tuliyopaka Ijumaa ilikaa bila kuguswa hadi Jumatatu. Ulipenda kuwaambia watu kwamba viungo vya ndege yetu havitaachana kwa kuwa vimekaushwa na makanisa mawili.

Sijui kama uliwahi kuelewa bawa lile lilikuwa nini kwangu. Ulijua nilikotoka. Ulijua kwamba nilifika Migori juu ya lori, na mke wangu ambaye sasa ni marehemu, godoro, sanduku la vitabu na misumeno miwili, baada ya kufukuzwa katika shamba ambalo baba yangu alilinunua na mimi nikalipanda miti. Watu wa huku walinipokea vizuri, sitasema vingine. Lakini kuna neno lenu, jadak, mtu anayekaa kwenye ardhi ya wengine. Hawakulisema kwa ubaya. Walilisema kama mtu anavyosema huyu ni mrefu, yule ni mfupi. Nimezeeka nikiwa jadak. Nimezika mke wangu nikiwa jadak, na hata kaburi lake niliombea nafasi.

Wewe hukuniita hivyo hata siku moja. Pale Rodi Kopany ulinishika bega ukawaambia wanywa chai, "Huyu ndiye mwenye bawa." Nao wakaanza kuniita hivyo. Nikishuka tu stendi, mama wa chapati ananiuliza, mwenye bawa, limefika wapi? Odhiambo, kwa miaka yote niliyokaa huku, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho niliitwa mwenye nacho.

Nilikata mbavu za bawa moja moja kwa wembe. Nilizipanga juu ya mchoro, nikazibana kwa pini, nikapitisha uti katikati. Mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka, ulikuwa umeona, kwa hiyo nilikata asubuhi kabla ya chai, inapokuwa imetulia. Kazi ya mwisho ilikuwa kulifunika kwa ile plastiki, ambayo hunyooka na kukaza ikipigwa pasi. Siku hiyo stima ilipotea Migori. Nilikupigia simu nikasema nitangoja irudi. Ukanicheka. "Pasi ni pasi, Mwalimu. Huna ya makaa?" Ninayo, nikasema. Nikaitumia. Kwenye ncha ya kulia nikachora mistari mitatu ya buluu, kwa brashi, ikayumba kidogo kwa sababu ya mkono. Nikakuletea bawa Rodi Kopany. Ulilipokea, ukaliinua usawa wa jicho, ukalitazama kwa muda mrefu kutoka ncha hadi ncha. Nilidhani unalistaajabia.

Halafu ikaja siku ya kuruka, kwenye uwanja wa shule kule Ndhiwa wakati wa likizo. Nilikuta ndege imeshafungwa bawa, iko tayari kwenye nyasi. Niliponyoosha mkono ukanizuia. Ukaniambia kwamba kwenu aliyejenga kitu hakigusi siku kinapotoka nyumbani, kwamba ni mwiko, hukaribisha mkosi. Ulilisema bila kucheka. Nami najua watu wako wana taratibu za nani atangulie kulima, nani aingie vipi katika nyumba mpya, na nimeishi kati yenu kwa kuziheshimu hata zile nisizozielewa. Ni adabu ya mgeni. Nikarudisha mkono nyuma, nikaufunga mgongoni pamoja na mwenzake.

Atieno akashika rimoti. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikainuka, ikapita juu ya madarasa. Jua lilipenya kwenye plastiki nyekundu nikaona mbavu zangu moja moja. Ukaniegemea ukasema, "Bawa lako hilo, omera," yaani ndugu yangu. Nililia, na hukunitazama, nikakushukuru moyoni kwa kutonitazama.

Tuliirusha mara nyingi baada ya hapo. Kila mara nilifika nikakuta imeshafungwa, na kila mara nilisimama mikono nyuma. Ndege ilikaa kwako. Sikuwahi kuligusa bawa lile tena, na nilijiona mtu mwenye nidhamu.

Sasa nikueleze mazishi yako, kwa kuwa hukuyaona.

Watu walikuwa wengi. Wazungumzaji nao walikuwa wengi, unavyowajua, kila mmoja akiahidi kuwa mfupi. Nilipopewa nafasi nilisimulia habari za ndege. Nikawaambia jinsi ulivyonifundisha mila yenu ya fundi kutogusa kazi yake siku inapotoka, na jinsi nilivyoishika mila hiyo hadi siku ile. Niliona wazee kwenye hema wakigeukiana. Mjomba wako, yule mwenye kofia ya manyoya, alimuuliza jirani yake kitu kwa Dholuo, na jirani akatikisa kichwa. Nikadhani wameguswa.

Atieno alitaka ndege iruke mara moja juu ya boma kabla hujashushwa. Upepo ulitoka ziwani, ukaisukuma kwenye ua wa mikalitusi, na bawa likavunjika katikati. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikainama kuokota, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuligusa tangu siku ile ya Rodi Kopany.

Balsa ikivunjika hutoa nyuzi. Huchanika, huacha meno. Kile nilichoshika kilimeguka na kumwaga punje nyeupe kwenye viatu vyangu, ile plastiki nyeupe yenye punje inayowekwa ndani ya boksi la televisheni. Chini ya ufuniko mwekundu ulikuwa umebandika vijiti vyembamba, kimoja kimoja, pale ambapo mbavu zangu zingekuwa, ili jua likipita nizione. Na kwenye ncha ya kulia palikuwa na mistari mitatu ya buluu. Uliichora ikiyumba. Odhiambo, uliiga hata kutetemeka kwangu.

Mjomba wako alikuja akasimama kando yangu, akatazama zile punje. "Mwalimu," akasema, "huu ni mti gani usio na nyuzi?" Watu wengine walicheka kidogo, kicheko cha matanga. Kisha akaniambia polepole, kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa, kwamba mila ile niliyoieleza hawaijui. Hakuna mwiko kama huo. Hajawahi kuusikia tangu azaliwe.

Nilikaa hadi mwisho. Nilitia udongo wangu kaburini kama wengine. Lakini nakuambia ukweli, mkono ulioutia haukuwa wa rafiki.

Mkeo aliniita nyumbani watu walipopungua. Akaingia chumbani, akatoa kutoka nyuma ya kabati kitu kilichofungwa kwa leso, akakiweka mapajani mwangu. Nilijua kwa uzito tu. Akaniambia kwamba mlilijaribu bawa langu wewe na Atieno kabla ya siku ile ya Ndhiwa, ndege ikajipindua mara tu ilipoinuka. Mkajaribu tena, ikajipindua tena. Ndipo ukakata lile lingine.

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Alikunja leso taratibu. "Alisema ukijua, shemeji, utaacha kuja."

Hilo ndilo nililobeba kurudi nalo Migori. Nimelitafakari kwa namna zote. Najua watu watasema ulifanya kwa upendo, na Atieno amekwisha kuniandikia hivyo kwenye simu. Inawezekana. Lakini nilinyang'anywa shamba na watu walionichukia, na nikajua mahali pa kusimama. Wewe ulinipa kitu, ukanisifu nacho, ukanitembeza nacho sokoni, na kumbe ulikuwa umeshakiondoa. Na ili nisigundue, ulichukua heshima yangu kwa mila za kwenu, kitu pekee ambacho mgeni anaweza kuwapa wenyeji, ukaitumia kunifunga mikono. Mjaluo yeyote angekucheka ukimwambia ule uongo. Ulijua mimi nitauamini. Nilikuwa jadak hata kwenye ndege niliyoijenga.

Nililaza bawa langu mezani, nikalitazama usawa wa jicho kama ulivyolitazama wewe. Ncha ya kulia ilikuwa imepinda, upande wa nyuma umeinuka kama unene wa kidole. Mbavu ziko sawa. Uti uko sawa. Hakuna kiungo kilichoachia. Mikono yangu haikukosea popote. Ni pasi ya makaa, ilikuwa na moto kuliko ilivyotakiwa, plastiki ikakaza upande mmoja na kuvuta mti. Ile pasi uliyoniambia wewe niitumie. Ulipoliinua pale Rodi Kopany uliuona mpindo huo. Ndiyo maana ulitazama muda mrefu vile.

Na dawa yake, omera, imeandikwa pembeni mwa ule mchoro tuliousoma pamoja. Mtu mmoja analishika bawa na kulizungusha kinyume na mpindo. Mwingine anapitisha pasi ya wastani juu ya plastiki. Linaachwa lipoe. Basi. Ni kazi ya watu wawili, na muda wake ni wa kikombe cha chai. Wewe ulitumia siku ngapi kukata lile jeupe, kubandika vijiti, kuiga brashi yangu, kunitungia mwiko? Ungesema tu, Mwalimu, limepinda, njoo. Ningeona haya, ndiyo. Ningekunywa chai nikiwa nimenuna. Halafu ningelishika na wewe ungepiga pasi. Eti ningeacha kuja. Ulinijua vibaya, na hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Nilirudi kwako Homa Bay. Mkeo alilishika bawa kwa mikono yote miwili, mimi nikapitisha pasi, ya stima safari hii. Alikuwa amekaza meno kama anayekamua nguo nzito. Nilimwambia linatosha, akaendelea kushika hadi lilipopoa kabisa. Hakuniomba msamaha na sikumdai.

Tulikwenda Ndhiwa na Atieno, uwanja uleule. Kiwiliwili ulichokijenga kilikuwa kizima. Lazima niseme ulikijenga vizuri. Nililiweka bawa mimi mwenyewe mgongoni mwake, nikavuta raba mimi mwenyewe, nikapitisha kiganja juu ya kila ubavu mbele ya waliokuja kutazama. Mjomba wako alikuwepo. Akauliza kwa sauti kama sasa mkosi utakuja, na watu wakacheka, na mimi pia.

Ilikimbia, ikainuka, ikapita juu ya madarasa. Haikujipindua. Iliinamia kulia kidogo sana, Atieno akairekebisha kwa kidole, ikanyooka ikazunguka uwanja mzima hadi betri ilipokaribia kwisha, na ilipotua niliiokota mimi.

Lile bawa lilikuwa langu, na liliruka. Mimi najua sasa. Wewe hukungoja kujua.

Lala, Odhiambo. Bado sijakusamehe, na bado nikifika Rodi Kopany ninaagiza chai nikitazama upande wa Homa Bay.

Ni mimi rafiki yako,
mwenye bawa.