Msamaha wa Felisiani kwa Mdomo wa Mashine

Murubona,
Kasulu.
Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa Dada Careen,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya ukoo wetu wote, walio hai na waliotangulia, natangaza rasmi kwamba mimi mdogo wako Longinus, niliyetolewa kwenye kwaya ya watoto kwa kosa la kuharibu sauti za wenzangu, sasa ni mtunzi wa nyimbo. Ninazo kumi na moja. Pongezi zitapokelewa baada ya salamu.

Mwidiwe, dada. Hujambo? Shemeji Elisante hajambo? Wanafunzi wako wanasikia, au wanakutazama tu? Na joto la huko Lindi, mmeshazoeana nalo au bado mnavumiliana kama majirani wapya? Mama alinituma nikuulize kama unalala kwenye chandarua. Nimeshauliza, kwa hiyo ukijibu, jibu kwa sauti ya yeye kusikia.

Sisi huku tu wazima kiasi. Goti la Mama humuuma kila mvua inapokaribia, na Kasulu mwezi huu mvua inakaribia kila siku. Maharage ya msimu wa kwanza tulivuna vizuri, ya pili tumeanza kupanda. Kibanda changu cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi bado kimesimama, ingawa vijana siku hizi wanapakua wenyewe na kuja kwangu kuomba chaji tu.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kaka yetu Felisiani anashinda kibandani kwangu tangu asubuhi hadi nafunga, na ninayotaka kukuambia yanamhusu yeye. Shadia, mke wa Tamimu muuza vitenge, anasafiri kesho kwenda kwao Lindi. Nitampa barua hii mkononi, naye ni mtu wa kuaminika, ila ataisoma.

Dada, unajua kwamba Mzee Ndihokubwayo, baba yake Josepha, tulimzika Kibondo kabla ya Krismasi. Rambirambi yako ilifika na walishukuru. Usilolijua, kwa sababu Mama aliona aibu kukuambia, ni kwamba kaka yetu hakuwepo kwenye mazishi ya baba mkwe wake.

Kwa kina Josepha, mkwe mkubwa ndiye anayepiga jembe la kwanza pale kaburi linapochimbwa. Watu walisimama na jembe, wakaitazama barabara. Mimi nilikuwa miongoni mwao, na kila aliyegeuka kunitazama alinikuta nasoma ujumbe kwenye simu iliyozimika. Katekista akakohoa. Akakohoa tena. Mwishowe jembe akapewa jirani yao, fundi baiskeli, mtu mwema aliyekuja kuzika tu akaondoka na heshima ya mkwe.

Felisiani alisema pikipiki ilimharibikia njiani. Msiba ulipotawanyika Josepha hakurudi Kasulu, yuko kwa mama yake na watoto wote wawili, na Januari wameanza shule huko huko. Nguo za watoto zilifuatwa na mjomba wao. Alizikunja vizuri mno, dada, kama mtu anayehamisha.

Kuanua matanga kumepangwa Jumamosi ya mwisho ya Machi. Wazee wa kule wametuma neno kwa ule upole wao unaotisha: mkwe akija siku hiyo na jembe lake, atalisawazisha kaburi kwa mkono wake na jambo litaishia hapo. Asipokuja, wao wataelewa kwamba hawana mkwe, na Josepha atajua la kufanya. Hawakutaja la kufanya ni lipi. Hawakuhitaji.

Sasa ndipo utunzi wangu ulipoanzia. Felisiani alisikia redioni kwamba kuna akili mnemba inayotunga wimbo mzima, sauti na vyombo, ukiiandikia tu unachotaka. Akaja mbio kama mtu aliyeokota ufunguo. Alitaka wimbo wa kumwomba Josepha msamaha. Nilimuuliza kama kwenda mwenyewe si rahisi zaidi. Akasema kwanza wimbo, halafu yeye.

Nikaandika: nitengenezee wimbo mzuri wa kuomba msamaha. Dada, ulikuja wimbo wa kukatia viuno. Kijana anaimba "beibi nisamehe" huku ngoma zinadunda na mtu nyuma anapiga mluzi. Tamimu, ambaye ukuta wa duka lake na kibanda changu ni bati moja, alisema wateja wake wawili wa kike waliucheza hadi mwisho.

Nikaongeza neno "huzuni". Vikaja vinanda na vinubi, na mwanamke akalia kama kwenye tamthilia za kutafsiriwa, hata Mama akauliza amefiwa na nani. Nikaandika "wa kiasili". Hapo likaja jeshi zima, watu wanapiga kelele kana kwamba wanamfukuza simba. Hivyo ndivyo asili yetu inavyojulikana huko mashine inakokaa. Nikaomba iimbe Kiha. Iliimba kitu, lakini Mama alisikiliza kwa makini na kuniuliza huyo ni Mnyamwezi wa wapi.

Lakini mtu hujifunza. Niligundua kwamba mashine ni kama fundi cherehani: ukimwambia "shona nguo nzuri" atakushonea anayoiona nzuri yeye. Inabidi useme gitaa moja, kavu, bila umeme. Useme sauti ni ya mwanaume mtu mzima aliyechoka, si kijana. Useme mwendo ni wa mtu anayepanda kilima na mzigo wa kuni. Ubeti uwe mfupi, kiitikio kije mara mbili tu. Na usitaje usichokitaka! Niliandika "bila filimbi", zikaja filimbi mbili. Nilipoacha kuzitaja zikaondoka zenyewe, kama wageni fulani ninaowajua.

Vyombo vikakaa sawa. Maneno sasa ndiyo yakawa matupu. Dunia ni mapito, binadamu hukosea, moyo wangu ni wako. Nikamwambia Felisiani mashine inataka kisa.

"Andika nisamehe kwa yote," akasema.

"Yote yapi?"

"Yeye anayajua."

"Yeye anayajua, mashine haiyajui. Ukiiambia yote, inakupa lolote."

Tamimu akadakia ng'ambo ya bati: "Bwana Feli, hata hakimu husomewa shitaka! Au unataka msamaha wa jumla, kama wafungwa wa sikukuu ya Uhuru?"

"Tamimu, uza vitenge vyako."

"Nitauza vipi, na hao wafukuza simba wenu wanaimba hapa tangu asubuhi?"

Felisiani akanyoosha mkono, akanizimia redio, akasogea karibu hadi nikasikia harufu ya sabuni aliyofulia shati. Akasema pikipiki haikuharibika, haikutoka hata uani. Siku ya mazishi aliamka mapema, akaoga, akavaa suruali nyeusi na viatu, jembe akaliweka mlangoni. Kisha akakaa kitandani kufunga kamba za viatu, na hapo ndipo aliposhindwa kuinuka. Mzee alikuwa amemwita mara nyingi wakati anaumwa. Alikuwa na neno la kumwambia mkwe wake. Kila mara Felisiani alijibu kwamba atakwenda wiki ijayo, maana alidhani ataulizwa habari za ng'ombe wa mahari aliyebaki. "Nikaona nitakwenda kumchimbia mtu ambaye sikwenda kumsikiliza," akasema. Alikaa pale na viatu vyake mpaka jua likazama.

Nilitamani kumshika bega. Nikashika simu, nikaandika vile vile alivyosema. Nakopi hapa maelekezo niliyoipa mashine, kwa sababu sijawahi kuandika kitu kizuri zaidi na kimesomwa na mashine tu:

"Gitaa moja kavu. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu, amechoka, anaongea zaidi kuliko kuimba. Amevaa viatu vya msibani, amekaa kitandani, jembe lake liko mlangoni. Mzee alimwita akasema wiki ijayo. Leo watu wanamngoja kaburini na hawezi kuinuka. Asiseme mpenzi. Asijitetee. Amtaje mzee kwa heshima, na mwisho aseme tu kwamba hakuja."

Hapo nilivunja sheria yangu mwenyewe, nilitaja nisivyovitaka, lakini safari hii mashine ilisikia. Dada, wimbo ulitoka. Ng'ambo ya bati hata mkasi wa Tamimu ulisimama. Baadaye akasema, "Huo usiwawekee vijana kwenye kadi," basi.

Lakini kilichonitia hofu ni Felisiani. Alisikiliza amefumba macho. Ulipokwisha akashusha pumzi ndefu, akatabasamu, akaenda kwa Mama akala sahani mbili za ugali na maharage. Alikuwa mwepesi, dada. Alikuwa kama mtu aliyekwenda Kibondo, akachimba, akalia, akasamehewa na kurudi, wakati hajavuka hata stendi. Tangu siku hiyo anausikiliza asubuhi na jioni kama dawa. Kabla ya wimbo alikuwa na aibu, na aibu ingeweza siku moja kumwinua kitandani. Sasa naogopa nimemtuliza.

Wimbo niliutuma kwa Josepha Jumatano. Alinyamaza siku mbili. Juzi akanijibu kwa sauti, na nyuma nasikia watoto wanapigania kigoda. Nakuandikia alivyosema:

"Shemeji Longinus, shikamoo ya watoto hiyo. Wimbo umefika. Mama kausikiliza, kalia, kauliza kijana huyo ni wa kwa nani, maana ana adabu. Nikamwambia hata mimi simjui. Sasa shemeji, huyo wa kwenye wimbo akitaka kuja, aje, nitampikia. Ila huyo wenu mwambieni asinitumie tena, simu yangu inajaa."

Nimeirudia mara nyingi. Mama anasema amekasirika. Mimi naona mtu aliyekasirika hazungumzii kupika. Ila mlango aliouacha ni mwembamba, na anayetakiwa kupita ni mmoja tu.

Ndiyo maana nakuandikia. Felisiani ni kaka yangu mkubwa. Mimi nikimwambia neno, ananiagiza chai. Wewe ulimbeba mgongoni. Akisikia sauti yako kwenye simu husimama wima hata akiwa peke yake chumbani, nimemwona kwa macho yangu. Basi nakuomba umpigie, usimwandikie. Usimuulize kwa nini hakwenda, kwa sababu akianza kueleza atatosheka na maelezo. Mwambie siku, mwambie basi, mwambie ashuke Kibondo akiwa na jembe. Usingoje matanga yakaribie. Kama utaweza kuja mwenyewe likizo ya katikati ya muhula, ukamshika mkono mpaka pale kaburini, itakuwa bora zaidi, na sisi tutakuwa nyuma yako. Tamimu amejitolea kufunga duka siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya hata alipooa.

Nisalimie shemeji Elisante, umwambie zile mbegu za mchicha alizotuma zimeota, kuku wakazila, kwa hiyo tumezila kwa njia ya kuku. Wasalimie watoto, hasa yule wa mwisho anayejua kunikatia simu. Wasalimie na walimu wenzako wa kutoka huku mlimani, kama wapo wanaokumbuka baridi. Mama anasema Mungu akutangulie unapotoka, abaki na nyumba yako, na akurudishe kwetu kabla goti lake halijagoma kabisa. Mimi naitikia amina kwa sauti yangu hiyo hiyo iliyonitoa kwaya.

Ndimi mdogo wako akupendaye, bila gitaa wala kiitikio,

Longinus

N.B. Barua nilishaifunga, nimeifungua tena. Nimeona si haki kumficha Felisiani jibu la mke wake, kwa hiyo leo baada ya misa nimemsikilizisha lote. Ametaka tumtengenezee Josepha wimbo wa pili.