Mwenye Bucha Asiyekula Nyama

Jumatatu, 3 Machi 2025
Hospitali. Daktari kasema figo zangu zimechoka, tena si kuanzia leo. Presha imezimaliza kimyakimya, miaka. Kwenye mashine ya kusafisha damu bado sijafika. Kanipeleka kwa afisa lishe, Jane, mdogo kuliko mwanangu Lydia. Kaeleza vizuri: nyama inavunjwavunjwa, mwili unachukua vya kujijengea, uchafu unaobaki ni kazi ya figo kuutoa. Zangu haziutoi. Kwa hiyo nyama, maharage, dagaa — kidogo sana. Mimi! Mwenye bucha hapa sokoni Mazwi, mwaka wa ishirini na sita!

Akamalizia: "Baba, ugali kula ushibe. Mboga ndiyo upunguze." Mke wangu Dominika akaitikia kwa kichwa mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Ugali mtupu. Nauliza mboga iko wapi. Dominika anasema tumeambiwa tupunguze. Kwetu nyama ni mboga, maharage ni mboga, majani ya maboga ni mboga, dagaa ni mboga. Kazipunguza zote mpaka zimeisha! Nashushia na maji ya moto. Chumvi nayo marufuku.

Jumapili, 16 Machi
Mzee Baltazari, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kanisifu mbele ya watu. Eti Teodori anauza nyama na haionji, Kwaresima ya kweli hiyo, tuige. Suruali inanishuka, wao wanasema neema. Nikashukuru kwa unyenyekevu. Tumbo likanguruma.

Jumatano, 19 Machi
Sifa zimefika bucha. Wateja wawili wameuliza kwa nini mwenyewe siili, ina nini. Wakaondoka na dagaa wa jirani.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeiba. Maini yangu mwenyewe, nyuma ya bucha yangu mwenyewe, kwenye jiko la mkaa. Dominika kanusa vidole vyangu. Akalia. Heri angenitukana.

Jumatatu, 31 Machi
Mizani ya hospitali: kilo tisa zimeondoka. Jane kashtuka, kauliza nani kasema tukate zote. Tukatazamana mimi na Dominika. Kasema katika vile vya kujijengea kuna amino asidi ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima ziingie kwa mdomo. Nisipokula vya kutosha, mwili unavunja misuli yake wenyewe, na uchafu wake unarudi kwa figo zilezile. Nimechuna ng'ombe wa watu miaka yote hii, kumbe sasa nachunwa mimi, na mchunaji ni mimi.
Nimeruhusiwa yai moja kwa siku. Dominika analipima kwa macho kabla ya kulichemsha.

Jumatano, 16 Aprili
Wiki iliyopita figo zimegoma kabisa; leo mashine ya kusafisha damu, mara ya pili. Damu inatoka, inazunguka, inarudi. Daktari kasema sasa mambo yamegeuka: mashine ikisafisha uchafu inaondoka na amino asidi pia. Nile nyama, mayai, samaki. Kila siku!
Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu. Dominika alikuwa nje wakati daktari anasema. Kanisikiliza hadi mwisho. "Baba Lydia, hata mashine unaisingizia?"
Tangu yale maini, haamini neno langu. Ugali na yai moja.

Jumatatu, 21 Aprili
Siku ya pili ya Pasaka. Dominika kampigia Jane simu. Nyama? Nyama. Ya ng'ombe? Ya ng'ombe. Kila siku? Kila siku, Mama. Kaikata simu, kaenda jikoni bila kunitazama.
Ameleta bakuli zima, steki laini, mchuzi mwepesi. Nilivyoiota nyama hii! Na harufu yake inanigeuza tumbo. Mdomo una ladha ya msumari, siku ya nne leo. Sijamwambia mtu.
Kaketi mbele yangu. Kasema polepole: "Kula, Baba Lydia. Mimi nilikunyima nikidhani nakuponya."
Naogopa: nyama nimeruhusiwa, sasa mwili ndio unaikataa. Mashine sikuiogopa hivi. Nimeshika daftari ili asinione uso. Kipande cha kwanza kiko mdomoni tangu nilipoanza kuandika, nakitafuna, hakishuki — na yeye anaangalia koo langu.