Nimekukuta Jikoni

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasha tu. Fundi bomba akija, mwonyeshe sinki linalovuja.

Asubuhi nimekukuta jikoni umepiga magoti, unamwomba Mungu amrudishe mwanetu aliyeondoka kwa hasira. Nikarudi chumbani kwa kunyata. Si wewe uliyekuwa ukinitania, "Mama, mwache Mungu naye apumzike"? Halafu mimi juzi nimechoka, nikaacha kuomba, nawe ndiyo kwanza unaanza! Sielewi nicheke au nilie.

~~Usiniambie chochote.~~ Hapana, niambie umepatwa na nini.

Na usiache, hata asipopiga simu leo. Jioni tuombe pamoja. Mimi maneno yameniishia. Wewe omba, nitaitikia amina.

Mama watoto