Banungwe pa Kilio ya Mama ya Excellence

Jumatatu, 5 Mai

Courant ya umeme imekatika tena. Nawasha mbabula ya makaa, moshi yote mu macho. Uji ya mama-mukwe inachemuka pole. Bwana yangu anasimama pa mulango, anauliza chemise yake nyeupe iko wapi. Iko pa kamba, Excellence. Imelowana. Kila kintu mu hii nyumba iko inangojea yee.

Miaka mingi alifundisha philosophie pa université. Suruali ya vumbi ya chaki, banafunzi mu kiwanja banabishana naye mpaka bukari mu sahani inapoa. Alikuwa anabaambia: mwenye anaogopa kuchekwa hawezi kujua kweli. Ile maneno njo ilifanya nikubali anioe. Sasa ni waziri ya province, bantu banamuita Excellence. Polisi anamufungulia mulango ya jeep. Naichukia ile mulango.

Alhamisi, 8 Mai

Mama Veronika, mama-mukwe yangu, amekufa. Asubuhi, mukono yake mu mukono yangu. Mutoto yake, bwana yangu, alikuwa Kinsevere, anapiga discours mbele ya bakubwa ya mine ya shaba. Nilimupigia, nikapiga tena. Telefone iko na secrétaire. Secrétaire! Miye njo nilimufunga mama macho.

Ijumaa, 9 Mai

Kilio imejaa bantu mpaka mu njia. Kisha chakula, banungwe, batani ya ukoo, balifika. Ukoo yao na ukoo ya bwana yangu banatukanana tangu babu ya babu. Pa kilio bo njo banachekesha bafiwa, na bo njo banachimba kaburi. Hakuna mwingine anaruhusiwa. Hata mutoto mudogo anajua: nungwe akikutukana, unacheka.

Papa Donatien, muzee ya Kipushi, mukubwa ya banungwe, alivaa koti, akaingiza muto ya kitanda pa tumbo, akaikala mu fauteuil, kiti kubwa ya bwana yangu.

— Mama Veronika, amuka! Mutoto yako alimaliza bitabu yote, sasa anakula makaratasi ya serikali tu! Angalia tumbo!

Tulicheka mpaka machozi. Hata Tantine Régine, dada mukubwa ya bwana yangu, mwenye alikuwa analia tangu jana. Bwana yangu hapana. Aliita polisi yake. Balimubeba Papa Donatien mu jeep, na muto yake mu koti.

Nyimbo ilikatika. Aibu yenye niliona, sijaonaka tangu nizaliwe.

Jumamosi, 10 Mai

Kaburi haijachimbwa. Banungwe bote bamerudi kwao. Bwana yangu alituma vijana ya mutaa ya Naviundu na bipao yao ya kuchimba. Baliuliza banungwe bako wapi. Balipojua, baliaga na adabu, balienda.

Sasa anasema ataleta machine ya kuchimba barabara. Mujinga! Kichwa imejaa Bagiriki ya philosophie, akili hakuna. Tantine Régine alimuambia mbele ya bote: maji ukiyavulia nguo, uoge. Bwana yangu alitoka, akabamiza mulango.

Jumapili, 11 Mai

Bamama banakunja mikeka, banaenda. Maiti ya mama iko mu frigo ya morgue sawa nyama. Bwana yangu amejifungia, anaandika discours ya mazishi. Niliingia bila hodi. Nilimuambia sitasimama pembeni yake pa kaburi, na kisha kilio naenda kwetu, nabakia kule. Alijibu asema alimufunga Papa Donatien kwa heshima ya serikali.

— Serikali haikukuzaa!

Bote mu kiwanja balisikia. Basikie.

Jumatatu, 12 Mai

Bwana yangu alienda kwa miguu mpaka fasi yenye balimufunga Papa Donatien. Bila polisi. Muzee alitoka, akafika pa kilio, lakini alisema: sijamaliza.

Basi yee aliikala chini, mu vumbi, mbele ya bantu yote. Muzee alimutukana kichwa, miguu, diplôme, jeep, na bibi yake mwenye midomo mirefu. Miye! Haya, nilicheka. Bwana yangu pia alijaribu kucheka. Ilitoka machozi. Alilia mama yake kwa sauti, mara ya kwanza tangu afe. Papa Donatien njo alimushika mabega mpaka akatulia. Kisha muzee aliomba kipao, achimbe kaburi.

Jumatano, 14 Mai

Tulimuzika jana. Nilisimama pembeni yake. Sijamusamehe, aelewe.

Baridi leo asubuhi. Alikunywa chai. Kisha aliniuliza mama alisema nini ya mwisho. Nilitaka kumuchoma. Nilikuwa na maneno ya kumuchoma. Lakini nilimuambia kweli tu.

Alikuulizia, nilisema. Nilimujibu uko darasani, unafundisha. Alifurahi. Alisema basi bakuache, basikusumbue.

Aliweka kikombe chini. Inje dereva alipiga honi. Bwana yangu hakuamuka pa kiti.