Deraya ya Shujaa na Ngozi ya Koko

Moshono,
Arusha.
11 Agosti, 2025

Mpendwa kaka Lesian,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba yale mafua ya Winnipeg, ambayo mama yako ameyaombea kanisani kuliko alivyoombea mvua, yamekuachia. Sisi hapa ni wazima. Baridi imekuwa kali, Mlima Meru hatujauona vizuri tangu Juni, na bibi yetu, Koko Naisiae, amerudia kuvaa koti la marehemu babu. Maharage tumekwisha vuna.

Sasa nije kwenye habari za shujaa wako, maana najua macho yako yameshaziruka salamu kumtafuta.

Sanamu uliyompa rafiki yako atuletee ilifika salama: mtu wa plastiki, urefu wa shubiri, kifua kipana, hana nguo. Ulitaka nimvalishe deraya ya ngozi kama askari wa Ulaya wa zama za kati, nikurudishie kabla ya maonyesho yenu ya mwezi wa kumi. Nilikubali bila kusita. Tasnifu yangu ya chuo ilihusu mavazi ya vita ya kale, na msimamizi wangu mwenyewe alikiri kwamba kuna sura hakuzielewa.

Kuhusu joho jekundu uliloomba, nilikataa na bado nakataa. Hakuna askari mwenye akili anayekwenda vitani na kitambaa ambacho adui anaweza kukishika. Mimi nililivaa joho siku ya mahafali, likanaswa mlangoni.

Ugumu ulikuwa ngozi. Zile zinazouzwa Kaloleni ni za viatu. Mtu wa shubiri moja angeonekana amevaa godoro. Nilihitaji ngozi nyembamba ya mgongo wa mbuzi, nayo ilikuwapo uani petu, imewambwa kwa vigingi juani. Ni ya yule beberu aliyechinjwa siku ndugu wa Elihuruma walipoleta barua ya kumposa dada yetu Nashipae.

Nilikata kipande cha katikati, kikubwa kama kiganja. Nikakiloweka, nikakinyoa manyoya, nikakifungia uzi kwenye mwili wa sanamu kikauke kwa umbo lake. Mabegani nikapanga magamba madogo, kichwani nikashona chapeo. Nasema bila majivuno: kazi ilikuwa nzuri sana.

Unaijua desturi yetu kwamba ngozi ya mnyama wa posa ni mali ya bibi wa binti. Mimi pia niliijua. Niliamini tu kwamba inahusu ngozi nzima, siyo kipande.

Koko alikuwa amepanga kuitandika kwenye kiti chake siku wakwe watakapokuja kuzungumza mahari. Alipoikunjua akaona mwanga upande wa pili.

"Oscar," akaniita, "wakwe waje wanikute nimekalia dirisha?"

Akatangaza kwamba hatampokea mgeni yeyote mpaka ngozi yake irudi nzima. Zilibaki siku chache tu, na bila Koko hakuna mazungumzo ya mahari. Nashipae akaacha kula. Baba mdogo Lekishon akaitisha kikao, nami nikajitetea. Nilithibitisha kwamba kipande kile hakifiki hata asilimia tatu ya ngozi yote.

"Basi na wewe nikukate asilimia tatu," Koko akasema, "ila pa kukata nichague mimi."

Baba mdogo akaamua: shujaa avuliwe, kipande kishonwe mahali pake, kesi iishe. Hapo ndipo tulipogundua kwamba ngozi mbichi ikikauka hujikaza. Ilikuwa imemshika sanamu kama gome la mti. Tulivuta, tukatia maji ya moto, tukapaka mafuta ya kondoo; haikutoka. Nashipae akaleta kisu cha jikoni. "Kaka, mimi naolewa mara moja tu. Mvunje hata shingo."

Koko akanyoosha mkono apewe kwanza amwone huyo mwizi.

"Ni nani huyu?"

"Ni shujaa, Koko. Anaokoa watu."

"Ana ng'ombe?"

"Hana."

"Mke?"

"Hana."

"Anaishi wapi?"

"Kwa Lesian. Kwenye nchi ya barafu."

Akampapasa mgongoni kwa kidole gumba. Akasema, "Basi mwacheni nayo. Huko kuna baridi." Kisha akamtia mfukoni mwa koti, na kikao kikafungwa bila hukumu, jambo ambalo kisheria halikubaliki.

Wakwe walikuja kutoka Machame, wakapokelewa vizuri. Msemaji wao alipouliza kama ukoo umetimia, Koko alivuta kigoda kando yake, akatandika ngozi, akamsimamisha shujaa palepale penye tundu. "Wajukuu wangu wote wapo," akasema. "Huyu ndiye wa mbali." Kaka, wazee wa watu walimpa mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa ncha ya kidole. Mahari ilikubaliwa. Harusi ni Desemba.

Kwa hiyo shujaa hatakuja kwenye maonyesho yako. Nimembishia Koko kwa hoja zote ninazozijua. Jibu lake ni moja: ngozi yake haitoki nyumbani mpaka Lesian mwenyewe aje aichukue. Sasa shujaa amewekwa juu ya kabati la vyombo. Kila asubuhi Koko humsalimu kwa jina lako, halafu humtegea sikio, kama mtu anayengoja kuitikiwa.

Mama yako, Baba mdogo Lekishon na Nashipae wanakusalimu. Nashipae anasisitiza uje na suti yako mwenyewe. Mungu akulinde huko, na akufungulie njia kabla ya Desemba.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Oscar